Flashi ya Mazishi

Mume wa Mama Vailet alimzika binti yao, Vailet, kijijini Vihingo, mama mtu akiwa amelazwa hospitali, kisha akamletea flashi yenye video ya mazishi. Fundi wa kompyuta wa mtaa wa Picha ya Ndege, ambako mama aliipeleka, aliipangusa kwa pindo la shati, kama kawaida yake, akaibembeleza tundu hadi tundu. Kompyuta haikuiona.

"Flashi yako ina kiburi, mama."

"Kama aliyeileta."

Fundi akajipiga paji la uso. "Kumbe kosa langu. Asubuhi niliiwekea mashine mfumo mpya, sikuizima na kuiwasha upya."

Akaizima, akaiwasha. Uso wa Vailet ulipotokea, fundi aliinuka taratibu akaenda kusimama juani. Mama mtu akaupapasa kwenye kioo. Baba mtu bado ana deni: kumpeleka mkewe kwenye kaburi la binti yao.