Viti Viwili vya Kijani

Nimedanganya watu wengi maishani mwangu, lakini uongo mmoja tu ndio ulionitetemesha.

Kwa sababu ulikuwa kweli.

Sikieni basi.

Mimi na mume wangu, Orval, tulikuwa tunapanda milima ya Colorado na gari letu la kulala, lile lenye kitanda na jiko ndani. Ilikuwa tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Jenereta ilikata roho asubuhi, na Orval anapumua kwa mashine ya oksijeni. Mashine inakula umeme, na betri ilikuwa inaishia.

Tukaanza kutafuta kambi ya magari yenye umeme: ya kwanza, imejaa. Ya pili, imejaa. Ya tatu, kibao kilitujibu kabla hatujashuka.

Simu haikushika mtandao hata chembe. Midomo ya Orval ikaanza kugeuka zambarau.

"Usiniangalie mimi," akasema. "Angalia barabara."

Kambi ya nne nayo ilifurika. Ilibaki sehemu moja karibu na choo, yenye nguzo ya umeme, na hapo pameachwa viti viwili vya kukunja, vya kijani, vipya.

Watu wa kambi tunajua. Ukiacha kiti, umejiacha mwenyewe. Hakiguswi.

Orval akataka tuendelee mbele, eti viti vya watu havisogezwi. Mtu hana pumzi, ila adabu anayo!

Nikamwambia adabu yake tutaizika naye. Nikachomeka waya, mashine ikanguruma, nikajikalia kitini kama malkia.

Haikupita muda, msimamizi wa kambi huyo, na kijibwa chake kwapani.

"Bibi, hapo pana mtu."

"Najua. Mke wa mwanangu. Katuwekea nafasi."

"Anaitwa nani?"

Jina lililowahi mdomoni ni la mkwe wangu kweli, yule ninayemsengenya kila siku. Mimi na yeye hatujasemeshana tangu Krismasi, aliposema kifua cha Orval si cha milimani, gari tuliuze.

"Danette," nikasema.

Msimamizi akautazama mpira wa oksijeni puani mwa Orval. Mimi najua sasa tunafukuzwa, na mzee ananifia barabarani.

"Danette kaja alfajiri," akasema. "Kalipa, kaweka viti, kateremka kutafuta mtandao awapigie. Kaniambia watakuja wazee wawili. Babu ana mpira puani, na bibi atanidanganya. Niwaruhusu wote."

Nikamgeukia Orval. Anakodolea macho misonobari kama hajawahi kuona mti.

"Nilimtajia njia tu, kwa simu, kwa siri," akanong'ona. "Sikujua atatutangulia."

Danette aliporudi, vumbi hadi kwenye kope, nilisimama nimpishe kiti.

"Kaa, mama," akasema. "Ni chako."

Nilikaa. Nikamvutia cha pili, akae kando yangu.

Wewe unayesoma, huyo unayemsengenya leo huenda yuko mahali anakushikia nafasi. Punguza mdomo.

Mimi nimepunguza. Kuacha kabisa, bado naombea.