Vidole vya Fundi wa Gitaa

Kila asubuhi Manju akifungua duka la vitambaa la baba yake, humkuta fundi wa gitaa wa ng'ambo ya barabara keshaketi, kucha za mkono wa kushoto amezikata hadi karibu na nyama. Akimaliza kukaza nyuzi za gitaa la umeme la kanisa, hulijaribu kwa mbio, vidole vikihangaika kama siafu waliomwagiwa maji, ila spika ameizima. Zamani watu walijaa mlangoni kumsikiliza. Siku hizi kwaya zinataka kinanda. Sasa anampigia nani? Manju hujiuliza.

Jumamosi moja mwaka 2007, binamu yake alileta kutoka Uingereza mchezo wa TV wenye gitaa la plastiki. Vijana wa Nakuru wakajazana dukani kubonyeza vitufe, roki ikinguruma. Fundi akavuka, akalipokea, akapapasa kichwa cha gitaa akitafuta pa kukazia nyuzi.

"Mzee, hiyo haina nyuzi!"

Wakacheka, naye akacheka. Akasikiliza wimbo hadi mwisho, akarudi kwake. Punde wimbo uleule ukalipuka kutoka ng'ambo, tena kwa kasi zaidi. Kijana mmoja akapaaza sauti bila kuondoa macho kwenye TV: "Mzee, hiyo CD ni kali! Utatuchomea nakala?"

Manju, mlangoni, akangoja jibu. Fundi akavitazama vidole vyake, kisha akaongeza sauti ya spika.