Yowe Nililolimeza

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa kumi, jua limekausha kila kitu, nami ni bibi harusi wa miezi mitatu hapa Igowole. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alitoka kwenda kuchoma mabaki ya mahindi kwenye shamba linalopakana na miti yetu ya mbao. Nikamfuata na ndoo ya maji kichwani. Ndoo moja tu, mwanangu! Majirani hatukuwaambia, na njia ya kuzuia moto ilikuwa imejaa nyasi tangu mwaka uliopita.

Upepo ukageuka, moto ukaingia kwenye miti. Baba akavunja tawi, akaufuata humo humo kuupiga. Moshi ukamfunika. Nikamsikia anakohoa, kisha nisimsikie tena.

Kwetu huku yowe likisikika, mtu anatupa jembe anakimbia. Lakini mimi nilikuwa nimefundwa kwamba mke hapazi sauti mbele ya mkwe wake. Basi, mjinga mimi, nikakaza kanga nikateremka bondeni kumtafuta mama mkwe, ili yeye ndiye apige. Nilikimbia na adabu zangu zote! Mama alipiga yowe, na mara vijana wakawa wanashuka kilimani na mapanga.

"Mzee yuko upande gani?" mmoja akaniuliza. Nikainamisha kichwa, nikanong'ona.

"Shemeji, sema kwa sauti! Mtu anaungua!"

Walimtoa akiwa hai, wakampeleka hospitalini Mafinga. Nilipompelekea uji nilipiga magoti pembeni ya kitanda, naye akanitazama sana. "Mwanangu," akasema, "nilijua upo pale. Nilikuwa nangoja nisikie unaita watu." Hakunilaumu zaidi ya hapo. Jumapili iliyofuata akafariki. Jamani, ni bora angenitukana.

Ndiyo maana nawasumbua, na nitawasumbua mpaka nife. Kabla hujawasha kiberiti, nenda kwa jirani umwambie, na mwenyekiti wa kitongoji apate taarifa. Fyeka njia ya moto, watu wawepo, maji yawepo. Usichome peke yako hata kama shamba ni dogo kama kitanda. Namba za simu za mwenyekiti na za zahanati ziandike ukutani kwa mkaa, maana siku ya hofu hutakumbuka hata jina lako. Na ukipiga simu, usianze na salamu zetu hizi za kamwene, za kuulizana mpaka habari za ng'ombe. Sema uko wapi, kuna nini, nani yuko ndani, wapite njia gani. Salamu mtapeana kesho.

Na wewe mke mgeni, nakuruhusu mimi, mkubwa wa nyumba hii: mkwe wako akiwa hatarini, piga kelele mpaka koo likauke. Hakuna atakayekuita huna adabu.

Mungu awabariki shambani, wanangu, na kila jioni awarudishe nyumbani wote mliotoka.