Emiliana na Mzinga wa Saba

Emiliana Ndahani alifuga nyuki Haneti kwa miaka thelathini na moja, na muda wote huo hakuwahi kumwonyesha mtu mizinga yake yote. Ndiyo maana Cornel, mtaalamu kijana wa mradi mmoja kutoka mjini, alipomweleza kwamba kila mzinga utawekewa kifaa chenye laini ya simu, cha kutuma ujumbe wa hali ya nyuki, mama alikunja uso.

"Huo ujumbe, mbali na mimi, anausoma nani?"

"Ofisi tu, mama. Wewe utaupata kwenye simu hii kila mchana. Hutahangaika tena kupanda mlima na magoti hayo."

"Ofisi ni watu wangapi?"

Cornel alicheka, akamkabidhi simu.

Emiliana alikubali kwa sababu ya magoti. Simu aliilaza kifudifudi juu ya kabati, na akiwa na mazungumzo ya maana aliifunika kwa kanga. Kila siku saa nane mchana iliandika: Kundi lina afya. Mizinga yote kumi na miwili, maneno yaleyale. Wiki tatu zikapita hajakanyaga msituni. Magoti yalipoa, ila yeye mwenyewe akawa mkali, akamfokea hata jirani yake Devota aliyekuja kuazima ungo.

"Mbona nyuki hawaugui hata siku moja?" alijiuliza.

Siku ya ishirini na mbili alipanda. Mzinga wa saba ulikuwa kimya. Akaufunua: nyuki hakuna, masega yametafunwa na viwavi. Alisubiri pale pale hadi saa nane. Simu ikalia. Kundi lina afya.

Hakumpigia mtu. Alikichomoa kifaa, akashuka nacho, akakitumbukiza kwenye debe tupu uani. Kesho yake mchana debe nalo likawa na afya. Ndipo akamwita Cornel.

Kijana alilitazama debe, akatazama simu, tabasamu likamwisha.

"Kinapima joto, mama. Ndani ya mzinga nyuki hukaa kwenye nyuzi thelathini na tano. Sasa jua hili la Novemba nalo linafika hapohapo..."

"Hata debe lina nyuki."

Akampandisha mlimani. Walipoukaribia mzinga wa nne kwa nyuma, Emiliana akafukiza moshi kidogo. "Zima simu yako."

"Ofisini watanitafuta."

"Izime. Weka sikio hapa."

Mwanzoni Cornel alisikia kelele tu. Baadaye akasikia mngurumo mmoja, wa chini, uliotulia.

"Hao wana malkia," Emiliana alisema. "Wakimpoteza huwa wanalia. Utawajua."

Walikaa karibu saa nzima. Cornel alisema kwamba kwenye kompyuta yake kuna mizinga mia sita, na hakuwahi kukaa kando ya hata mmoja bila haraka. Emiliana alimtazama kwa jicho la kupima, akaona huenda anasema kweli.

Wakapatana vifaa vitolewe, vibaki viwili tu kwenye mizinga ya ng'ambo ya korongo, ambako masika hakufikiki. Kwingine angekwenda mwenyewe, Jumanne na Ijumaa, magoti yapende yasipende. Na akataka karatasi yenye majina ya wote wanaosoma ujumbe wake.

Cornel aliileta wiki iliyofuata. Majina kumi na moja. Emiliana aliyasoma polepole, mara mbili, hakumjua hata mmoja.

"Asante, mwanangu," alisema, akaikunja.

Kabla mvua hazijaanza alihamisha mizinga mitatu. Wapi, hakumwambia Cornel, wala Devota.