Kuponi Ishirini na Nne za Ruangwa

Sheria ya kuponi ilibandikwa ukutani, karibu na dirisha la jikoni, kwa mwandiko wa mkono ulionyooka. Kuponi moja, mlo mmoja, chochote kilichoandikwa ubaoni. Kuponi isiyotumika hairudishiwi pesa. Niliisoma mara mbili kabla ya kukaa. Maana yake ni kwamba kwa mtu wa kuponi, sahani ya ugali na dagaa na sahani ya pilau yenye paja la kuku wa kienyeji zilikuwa na bei ileile. Mimi na mke wangu tulikuwa na kuponi ishirini na nne, kumi na mbili kila mmoja, za kuanzia chakula cha usiku Jumanne hadi cha mchana Jumatatu iliyofuata. Nilikuwa nimezilipia zote kabla hatujatoka Nachingwea. Kabla sijavuta kiti nilikwisha kuamua kwamba hakuna hata moja itakayoishia kwenye dagaa.

Mimi ni mpima mizani. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa kwenye ghala la chama cha msingi huku Mtua, korosho zikija napima korosho, ufuta ukija napima ufuta. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyapata kwenye vitabu vya kuazima, na kwenye mzani wenyewe, ambao ni mwalimu asiyependelea mtu. Ukiizoea kazi hii unaanza kukitazama kila kitu kama mzigo: uzito wote, uzito wa gunia, na kile kinachobaki ukitoa gunia.

Mwaka huu, kabla ufuta haujavunwa, mke wangu alilazwa wiki mbili kwa homa ya matumbo. Homa iliisha, hamu ya kula haikurudi. Tabibu aliyemruhusu kutoka wodini alitueleza bila kuzunguka. "Dawa zangu zimekwisha," alisema. "Iliyobaki ni sahani. Mama asipokula mtarudi hapa, na mkirudi mtamkuta hana nguvu ya kupambana."

Baada ya wiki tatu nilimpeleka ghalani siku ambayo hapakuwa na wakulima, nikamsimamisha kwenye mzani. Alipanda taratibu, akashika ncha za kanga.

"Utatoa kilo ya gunia?" aliniuliza.

"Gunia lipi?"

"Hizi kanga mbili, baba. Usije ukaniandikia nisichokuwa nacho."

Mzani ulisoma arobaini na saba. Mwaka mmoja nyuma, katika mzaha wa namna hiyohiyo, ulisoma hamsini na tisa. Alishuka, tukafunga ghala, tukarudi nyumbani.

Nyumbani kupumzika kulimshinda. Mke wa kijana wetu alikuja kutoka Mkotokuyana kumsaidia, na ni binti mwenye mkono mzuri jikoni, lakini mke wangu alikuwa akiinuka kila dakika kumi kutazama moto, au anavuta ungo achague mchele akiwa amelala ubavu. Chakula kikiiva anasema harufu yake imekwisha kumshibisha. Hapo ndipo nilipokumbuka nyumba moja ya wageni pale Ruangwa, ambako wapima mizani tuliwahi kuwekwa kwa semina. Tulikula kwa kuponi, na chakula kile sikukisahau. Nikapiga simu, nikaulizia bei ya chumba na milo kwa siku sita, na fedha ya ufuta ilipotoka nikalipa.

Wenzangu ghalani hawakuniacha hivihivi.

"Unakwenda gesti na mke wako mwenyewe?" mmoja aliniuliza. "Kwani nyumbani pamefanya nini?"

"Mwacheni," mwingine akasema. "Anakwenda kuhakikisha ratili za sahani."

Huyo wa pili alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua.

Mpishi mkuu wa nyumba ile alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini. Sijapata kuona jiko linaloendeshwa vile. Kisamvu kilitwangwa asubuhi, mapema, kikawekwa motoni kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu, alivyonieleza baadaye, kisamvu hakikubali kuharakishwa. Korosho za kukiungia zilisagwa saa nne, si mapema zaidi, zisije zikachacha. Kuku waliletwa kwa bodaboda kutoka Mbekenyera, na yeye alimshika kila mmoja kifuani kwa vidole viwili kabla ya kumpokea. Hakuwa na mzani. Jumatano nilimuuliza kuku mmoja ana kilo ngapi, akamnyanyua, akasema, "Kilo na robo, na mguu mmoja aliumia akiwa kifaranga." Nilimtazama kuku yule akitembea. Alikuwa akichechemea.

Basi chakula hakikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa mezani kwetu.

Jumanne usiku niliagiza pilau na kuku, sahani mbili. Mke wangu alikula matonge manne, akausogeza mkono wake kando ya sahani kama mtu anayepumzika, na haukurudi tena. Nilimaliza ya kwangu, nikamaliza na ya kwake, maana ilikuwa imelipiwa. Jumatano mchana wali na nyama ya mbuzi: matonge matatu. Usiku kuku tena: hata ngozi hakuigusa. Nikafungua daftari. Nilichora safu tatu: chakula, alichokula, alichobakiza. Alhamisi aliomba ugali na kisamvu. Ilinichoma, sitaficha, kuona kuponi nzima inakwenda kwa ugali na kisamvu, lakini niliitoa, nikijiambia kwamba pengine hicho ndicho tumbo lake linachotaka. Alikula matonge matano. Usiku, samaki: mawili.

Mistari mitano ya daftari ilinieleza jambo moja tu, kwamba chakula hakikuwa na uhusiano na kula kwake. Awe amepewa cha bei kubwa au ndogo, kikavu au cha mchuzi, alichopenda tangu utotoni au asichokijua, mkono ulisogea kando baada ya muda uleule. Mimi kwa upande wangu nilianza kubanwa na mkanda wa suruali.

"Kula kidogo tena," nilikuwa nikimwambia.

"Nakula, baba."

"Hujala. Nimekuona."

"Ndiyo. Umeniona."

Alilisema hilo kwa upole, nami sikulisikia.

Ijumaa nilikwenda msikitini. Nilimwachia kuponi yake nikamsisitiza aagize kuku na asinisubiri. Baada ya swala nilikutana na mkulima mmoja tunayefahamiana, tukasimama kuzungumza, hata nikarudi saa nane imekwisha kupita. Ukumbi ulikuwa mtupu, meza zimepanguswa. Meza yetu nayo ilikuwa tupu. Nilidhani amelala. Kisha nikasikia kicheko chake kutoka nyuma ya jiko. Nilikuwa sijakisikia tangu kabla ya wodi, na kwa sababu hiyo nilisimama kwanza, nihakikishe ni chake.

Kulikuwa na ua mdogo huko nyuma, na mlango wake ulikuwa wazi nusu. Juu ya mkeka walikaa wanawake wanne: mpishi, wasaidizi wake wawili, na mke wangu, wote wamekunja miguu upande mmoja, na katikati sinia moja. Ilikuwa saa yao ya kula, baada ya wageni wote. Kwenye sinia palikuwa na mlima wa ugali, kisamvu, maharage yaliyobaki ukumbini, na kuku wa kuponi yetu, amechanwachanwa akasambazwa juu.

"Huyu dada wa Nachingwea anatumaliza," msaidizi mmoja alikuwa akisema. "Mlituambia mgonjwa."

"Mgonjwa ni ukimweka mezani," mke wangu akajibu, na akakata tonge.

"Mezani pana nini?"

"Pana mume wangu." Walicheka. "Msicheke. Tangu anioe hatujawahi kula tumetazamana. Yeye barazani na wanaume wenzake, mimi uani na wakwe na majirani. Sasa ananiweka mbele yake, kila mtu na sahani yake, ananitazama mdomoni. Kila nikimeza nahisi nasomwa."

"Si ndiyo kazi yake," mpishi akasema. "Mlete huku apime na masufuria."

"Mwache. Ana nia nzuri. Tonge langu ndilo linaloona haya."

Mpishi akachukua firigisi iliyokuwa pembeni ya sinia, akaiweka upande wa mke wangu. Nyumbani kwetu firigisi ni ya baba. Miaka ishirini na sita imekuwa ikiletwa barazani juu ya nyama nyingine, nami nimekuwa nikiila bila kuifikiria. Mke wangu aliitazama, akaitia mdomoni, akafumba macho.

Nilikuwa nimeanza kuhesabu matonge yake tangu nisimame pale. Nilifika kumi na saba, nikaona aibu, nikaacha.

Wazo langu la kwanza, na naliandika kwa sababu lilikuwepo, ni kwamba kuku mmoja wa kuponi analiwa na watu wanne. La pili lilichelewa, nikawa nimekwisha kuondoka mlangoni. Nilikaa kwenye meza yetu nikawaza jinsi nilivyopanga safari ile: nauli, chumba, feni, maji ya moto ya kuoga, orodha ya vyakula. Nilimtoa jikoni apumzike, nikamtoa pia kwenye mkeka, nisijue kwamba ni vitu viwili. Kwenye semina tulikaa mezani, kila mtu na sahani yake, na nilifurahi. Nikadhani furaha ile inahamishika kama gunia.

Mpishi alitoka kuja kupanga vikombe, akanikuta.

"Shemeji, umerudi. Nikupakulie?"

"Nimewaona kule nyuma," nilisema.

"Basi umeona." Alipanga vikombe vitatu vinne. "Kuponi yake nimeipokea, usiwe na wasiwasi. Ila amekula vyetu zaidi ya alivyokula vyake. Nikifanya hesabu zenu ninyi watani zetu Wamwera, wewe ndiye unayenidai au mimi ninayekudai?"

"Mimi sidai."

"Afadhali. Maana sisi Wamakonde tungekataa kulipa." Kisha akaacha utani. "Mwache aje kwetu, saa nane na saa tatu usiku. Wewe kula ukumbini na wanaume wenzako, kuna dereva pale hana wa kuzungumza naye. Na usimuulize amekula nini."

Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Ijumaa usiku, Jumamosi na Jumapili nilikula na yule dereva wa lori, mtu wa hadithi ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu tufike niliisikia ladha ya kile kisamvu. Niliagiza ugali na dagaa Jumamosi, kwa hiari yangu, na zilikuwa dagaa zilizokaangwa na mtu anayejua ni wakati gani wa kuziepua. Kuponi za mke wangu ziliingia jikoni kama mchango. Siku moja ilikuwa nyama, siku nyingine samaki, vikagawanywa kwenye sinia. Yeye alirudi chumbani ananukia moshi kidogo, anazungumza. Jumapili alinieleza, bila kuulizwa, namna ya kujua kisamvu kimeiva kwa kusikiliza sufuria. Daftari sikulifungua.

Jumatatu mchana zilibaki kuponi mbili. Mabegi yalikuwa tayari mlangoni. Nilikuwa naelekea mezani nikamkute dereva, mke wangu akanishika mkono wa shati.

"Leo njoo huku."

"Kwa akina mama?"

"Wao watakula baadaye. Nimewaomba."

Uani palikuwa na mkeka na sinia moja, ugali, kisamvu na kuku. Mpishi alimimina maji ya birika ya kunawia mikononi mwetu, kwanza kwa mke wangu, kisha kwangu, akasema kwa sauti yake ya chini, "Shemeji, huku hakuna mzani. Ukishiba unasema tu." Akaturudishia mlango.

Nilitaka kukaa ng'ambo ya sinia, kumwelekea. Akapiga mkeka kwa kiganja, ubavuni pake. Nikakaa hapo, tukawa tunatazama ukuta wa matofali na kamba ya nguo, na sikuweza kumwona mdomoni hata kama ningetaka. Nilikata tonge. Naye akakata. Mimi ni mlaji wa haraka. Barazani ukichelewa wenzako hawakusubiri. Nilijizuia, nikamfuata mwendo wake, tonge kwa tonge, na nikagundua kwamba anakula akiacha nafasi ya mwenzake kila mara, anachukua upande mmoja wa kisamvu na kuusogeza mwingine kwako. Ndivyo walivyokuwa wakila uani kwangu miaka yote, hatua ishirini kutoka barazani.

Firigisi ilikuwa juu. Aliisukuma upande wangu kwa kidole, kama desturi. Niliisukuma upande wake.

"Yako hiyo," alisema.

"Nilikuona Ijumaa."

"Ulisimama muda mrefu?"

"Matonge kumi na saba."

Nilimsikia akicheka puani. Aliichukua firigisi, akaila taratibu, bila kuninyooshea kipande. Kisha akanyoosha mkono kwenye ugali, akakata tonge jingine, na baada ya hilo, jingine.