Kanisa la Uwanja wa Dagaa

Nehemia hakuwahi kuutaka uchungaji. Alikuwa mvuvi wa dagaa pale mwalo wa Katonga, boti zinapotia nanga, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mpaka boti ya jirani, na Jumapili zake nyingi zilipita amelala kifudifudi akifidia usingizi alioukosa ziwani. Mtu wa ibada alikuwa mkewe, Veneranda. Yeye alikwenda kanisani mjini, akarudi, akamkuta mumewe bado anakoroma, akaweka sufuria jikoni.

Kilichombadilisha Nehemia ni ziwa lenyewe. Alfajiri moja wakirudi na dagaa wao, upepo uliwapindulia boti, akabaki ameng'ang'ania ubao pamoja na mwenzake Bariki, maji yakiwapiga usoni. Hapo kila mtu aliahidi alichoweza. Bariki aliahidi mbuzi. Nehemia, ambaye hajawahi kujua kuongea kidogo, alimwambia Mungu kwamba akimtoa humo atamjengea nyumba pale pale mguu wake utakapokanyaga nchi kavu, na atamtumikia ndani yake mpaka kufa. Maji yakawatupa wote wawili ufukweni wakiwa hai. Mbuzi wa Bariki mpaka leo anakula majani huko aliko, na Bariki analala usingizi mzuri tu. Nehemia hakuweza kulala.

Shida ilikuwa mahali ambapo mguu ulikanyaga. Ulikanyaga katikati ya uwanja ambao wanawake wa Katonga huanikia dagaa, kwenye eneo la Mzee Mwinshehe wa Ujiji, Mwislamu aliyekuwa akiwaachia wanawake hao waanike bure. Nehemia alimfuata Ujiji, akampa shikamoo, akamweleza yote. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kijana wangu, aliyeahidi ni wewe, si mimi," alisema. "Lakini mtu aliyeponea majini siwezi kumnyima pa kumshukuru Mungu. Chukua ile pembe ya juu, ujenge. Ila wale wanawake usinisumbulie."

"Sitawasumbua, mzee."

"Haya. Nimekusikia."

Nehemia akaacha uvuvi. Akaenda Mwandiga kujifunza kwa Mwangalizi Oswald, mkuu wa kanisa lao dogo katika eneo lile, akarudi na cheo cha mwinjilisti. Akaanza kuhubiri chini ya turubai lililochanika, na waliokuja ni hao hao wanawake wa dagaa, kwa sababu walikuwa hapo tayari. Walikuja na harufu yao, na kanga zao zenye magamba. Viti vya ukingoni ndivyo vilivyojaa kwanza, maana kutoka pale mtu aliweza kuimba huku jicho moja likiwa kwa kunguru. Mahubiri yakirefuka, mmoja alitoka kwenda kugeuza dagaa wake, akarudi, akaitikia amina ya kitu ambacho hakukisikia. Nehemia aliwapenda sana. Hakuna aliyemcheka kwa ile ahadi yake, wala kwa Kiswahili chake kilichojaa Kiha.

Nyumba ilijengwa kwa mikono yao. Mchanga waliubeba kichwani kutoka ufukweni, mawe vilevile, kila mmoja beseni lake baada ya kuanika. Hata Hasna, jirani Mwislamu aliyekuwa na kibanda cha kuhifadhia nyavu, alibeba mawe. Alisema hayo ni mazoezi. Walipomwaga sakafu ya saruji, Veneranda aliipiga deki mpaka akaona uso wake. Ikabaki jambo moja: Mwangalizi aje aweke wakfu jengo, amwekee Nehemia mikono awe mchungaji kamili.

Siku hiyo ilikuwa ya masika, na wiki hiyo dagaa walikuwa wamepatikana kwa wingi ambao watu walikuwa wameusahau. Ziwa siku hizi lina ubahili. Likikufungulia, hupumziki, hata iwe Jumapili, hata aje askofu. Basi uwanja wote ulikuwa umeanikwa, na Veneranda naye alikuwa na fungu lake pale. Wanawake walikaa kanisani wamependeza, wale wa mlangoni wakichungulia milima ya Kongo ng'ambo, ambako wingu lilikuwa linakua.

Nehemia alikuwa na kola mpya nyeupe shingoni. Ilimbana. Kila alipogeuka alimwona Mwangalizi Oswald ameketi madhabahuni na wageni wake kutoka Mwandiga, wameweka miguu sawasawa juu ya sakafu inayong'aa, na moyo wake ukamwambia kwamba hawa ni watu wakubwa na leo wanampima.

Tone la kwanza lilipogonga bati, kanisa lilimwagika nje. Hakuna mwanamke wa Katonga anayengoja tone la pili. Walikumba dagaa kwa mikono, kwa kanga, kwa mabeseni, wakakimbilia paa la karibu, na paa la karibu lilikuwa lile walilolijenga wenyewe. Wa mbele walifika mlangoni wakihema. Nehemia alikuwa amesimama hapo, mikono ameitanua toka nguzo mpaka nguzo.

"Hapana! Hapa ni patakatifu sasa," alisema. "Nyumba ya Mungu si ghala la dagaa."

Walidhani anatania, maana siku zote alikuwa mtu wa utani. Mmoja akacheka, akajaribu kupita chini ya mkono wake. Nehemia akamsukuma. Si kwa nguvu, lakini alimsukuma, na beseni likamwagika kizingitini.

"Baba Agnesi," Veneranda aliita kutoka nyuma, "Imana yanje! Mungu wangu, dagaa wanalowa!"

Nehemia hakuishusha mikono. Hasna alifungua kibanda chake cha nyavu, kikachukua mabeseni machache, kikajaa. Waliobaki walisimama na mizigo yao kwenye mvua, wakimtazama. Dagaa aliyeanza kukauka akilowa tena ni wa kulisha kuku, na siku hiyo kuku wa Katonga walikula kama harusini.

Ibada iliendelea. Nehemia aliwekewa mikono mbele ya wageni na viti vitupu. Baadaye, wakila wali kungoja mvua ikatike, Mwangalizi alimpigapiga begani.

"Una msimamo mkali, mchungaji. Sisi kwetu Mwandiga mvua ikija tunaingiza mahindi ya watu mpaka huku madhabahuni. Lakini kila kanisa na utaratibu wake."

Nehemia aliliweka tonge chini. Hakulimaliza.

Jumapili iliyofuata aliomba radhi. Aliwafuata mmoja mmoja uwanjani, akapiga magoti kwenye mchanga, mwanamume mzima mwenye kola, akasema amekosa, na kwamba mlango uko wazi kwa dagaa siku yoyote. Wakamwinua. "Yameisha, mchungaji," walisema, kwa upole kabisa, na kweli walionekana hawana kinyongo. Ila hawakuja. Angetukanwa angejua pa kuanzia, lakini mtu aliyekwambia yameisha utamwomba nini tena? Wengine walirudi kwenye makanisa yao ya mjini, wengine walikaa tu. Hasna alibomoa kibanda chake, akajenga banda refu la mabati, na mvua ikinyesha wote walijua pa kwenda. Mzee Mwinshehe alipita siku moja, akaangalia jengo, akamwambia Nehemia, "Nilikuomba kitu kimoja tu," akaendelea na safari yake.

Akabaki Veneranda. Kila Jumapili alikaa kiti cha mbele, akaimba peke yake sauti ya kwanza na ya pili. Nyumbani alimpikia kama zamani. Kuhusu siku ile hakusema neno, na Nehemia, mtu wa maneno mengi, alikosa namna ya kuuliza.

Masika ya mwaka huu Mwangalizi alituma ujumbe kwamba atakuja Jumapili mwenyewe. Akikuta watu, kanisa litaendelea. Akikuta hakuna, litafungwa, na Nehemia atafute kazi nyingine. Nehemia alizunguka nyumba zote kualika. Wote walisema tutajitahidi.

Jumapili ikafika. Mwangalizi alikaa mbele, peke yake, akitazama saa. Uwanja ulikuwa umeanikwa, Veneranda akiwa kwenye fungu lake, amesema atakuja akimaliza kugeuza. Kisha tone likagonga bati.

Nehemia aliruka kama kijana. Alifungua mlango mabawa yote mawili, akasukuma viti ukutani, akatandika turubai sakafuni, akasimama kando ya kizingiti ili asimzibie mtu njia. "Ingieni!" alipaza sauti. "Ingizeni humu, ni karibu!" Wanawake walipita mbele yake mbiombio, vichwa wameinamisha, mmoja akamwitikia asante mchungaji, wote wakashika njia ya banda la Hasna. Alikuwa akiomba moyoni, si kwa ajili ya kanisa tena, ila beseni moja tu liingie.

Wa mwisho alikuwa Veneranda. Alisimama mlangoni, beseni kichwani, maji yakimtiririka usoni.

"Ingiza, mama Agnesi," alimwambia. "Nakuomba."

Veneranda aliitazama sakafu, kisha akamtazama yeye. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ulisema hapa ni patakatifu, baba Agnesi. Mimi nilikuamini."

Akashusha kanga juu ya beseni, akawafuata wenzake. Nehemia alimtazama mpaka alipoinama kuingia bandani, ambako walianza kucheka kitu fulani, kwa sauti ya watu waliowahi.

"Mchungaji," Mwangalizi aliita kutoka ndani, "funga mlango, mvua inaingia."

Nehemia akaufunga.