Ng'ombe wa Beki

Watu wa kanisani wakiniuliza nafanya kazi gani, huwajibu kwamba nahesabu mishahara ya wanaume wanaopigana juu ya barafu. Wanacheka, wakidhani nawatania. Siwatanii. Timu ya hoki ninayoifanyia kazi hapa Buffalo iko kwenye ligi yenye sheria moja ngumu: mishahara ya wachezaji wako wote, ukiijumlisha, isipite kikomo. Mwenye timu hata awe na fedha za kujaza uwanja mzima, kikomo ni kikomo. Basi mimi hukaa mbele ya kompyuta, na bosi wangu, yaani meneja anayenunua na kubadilishana wachezaji, akija na hamu zake, namwambia nani anaenea na nani haenei. Mara nyingi namwambia hapana. Nimezoea kununiwa.

Nilikuja Marekani kusoma takwimu Louisville, nikafanya kazi ya bima Columbus, nikaishia huku kwenye theluji. Mama yangu kule Nakuru bado anawaambia majirani kwamba niko benki, na nimechoka kumsahihisha. Lakini kazi yenyewe angeielewa kuliko wengi. Ni ile ile aliyoifanya yeye na mshahara mmoja wa ualimu: ukimnunulia huyu viatu, yule atangoja. Jikune mkono unapofikia.

Mume wangu ni Mkongo wa nyanda za juu za Kivu Kusini. Tulikutana kwenye kwaya, Louisville, nikiwa mwanafunzi. Mama yake anaishi Shively, Kentucky, kando ya Louisville, mpaka leo, na kila majira ya baridi anakuja kwetu Lackawanna, pembeni mwa Buffalo, kukaa na mjukuu wake ili sisi wawili twende kazini, mume wangu ghalani na mimi uwanjani. Watu wenye akili hukimbia Buffalo wakati wa baridi. Mama mkwe wangu ndipo anapokuja, na sweta tatu na vitenge viwili. Nampenda mno yule mama. Husema Kiswahili changu ni cha redio, hakina chumvi. Nami humwambia chake kimepita Paris kikasahau kurudi. Tulikuwa tumezoeana hivyo, kwa kutaniana, kabla ya mambo ya ng'ombe.

Kila mwaka timu huwa na siku ya familia. Wafanyakazi tunakuja na jamaa zetu, watoto wanateleza kwenye barafu, wachezaji wanakaa nasi kula. Mama mkwe alikuja na mandazi yake kwenye ndoo ya plastiki kwa sababu hajawahi kwenda kwa watu mikono mitupu. Akakaa peke yake kwenye kiti cha mbele, anatetemeka. Beki wetu mkongwe alimwona, akavua koti lake, akamfunika, halafu akajikalisha pale pale na kuanza kula mandazi. Jitu kubwa, pua imevunjika mara kadhaa, meno mawili ya mbele hana. Mama naye hana. Walipotabasamiana nilicheka mpaka nikaona aibu.

Nikaitwa kutafsiri. Mama alitaka kujua kwao ni wapi. Beki akasema Kanada, kwenye mbuga zisizo na mlima, na baba yake anafuga ng'ombe.

Uso wa mama ulibadilika. Tangu hapo sikupumua. Wana rangi gani? Weusi. Wananyweshwa wapi? Pembe zao zimekaaje, zimepinda au zimesimama?

"Hawana pembe," beki alisema. "Aina yetu huzaliwa hivyo."

Nilipotafsiri, mama alinitazama kama vile nimemtukana mgeni. "Hapana mapembe? Hata moja?"

"Hata moja, Mama."

"Maskini ya Mungu," akasema polepole, akamshika beki mkono. "Bon. Mwambie minamupatia ngombe moja. Ngombe ya mapembe. Asikuwe mutu wa kuona haya."

Nikatafsiri, nikidhani ni mzaha wa wazee. Beki hakucheka. Aliuliza ng'ombe mwenyewe ana rangi gani. Mwekundu, mama akasema, ana doa jeupe kwenye paji, na pembe zake ukinyoosha mikono yote miwili hufiki. Beki akashukuru kwa kuinamisha kichwa, na mama akaridhika naye moja kwa moja.

Ndani ya gari ndipo mume wangu alipoanza kuhangaika. Kwao, alinieleza, hakuna zawadi inayozidi ng'ombe. Ukimpa mtu ng'ombe mmekuwa ndugu. Huwezi kumsema vibaya, huwezi kumwacha kwenye shida, na siku moja naye atakurudishia ndama. Watu wanakumbuka nani alimpa nani ng'ombe hata baada ya babu zao kufa. Halafu akageuka nyuma. "Lakini Mama, ng'ombe gani? Si walichukuliwa wote wakati wa vita?"

"Walibeba," mama akajibu kutoka kiti cha nyuma. "Hawakununua. Ile ngombe ni yangu."

Mume wangu akageuka mbele tena.

Tangu siku hiyo beki akinikuta kwenye korido aliniuliza, "Ng'ombe wangu hajambo?" Nami nikajibu, hajambo. Alikuja kwetu Lackawanna siku asizo na mechi, anavua viatu mlangoni, anakunywa maziwa ya mgando ya mama bila kukunja uso, jambo ambalo hata mimi silifanyi. Mechi zikiwa kwenye televisheni, mama alikaa karibu kabisa na kioo, na mtu akimbamiza beki ukutani alimwita mtu huyo majina ambayo mume wangu alikataa kunitafsiria. "Mutoto yangu," alimwita. Watoto aliowazika njiani wakati wa kukimbia vita hakuwataja, na sisi hatukuuliza.

Kisha golikipa wetu akaumia goti. Ilikuwa karibu na siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, na msimu ulikuwa mzuri, wa kwanza mzuri baada ya miaka mingi. Bosi akaja mezani kwangu asubuhi, hata koti hajavua. Kuna golikipa anapatikana, alisema, lakini mshahara wake ni mkubwa. Nitafutie nafasi.

Sheria ina tundu moja. Mchezaji akiumia vibaya, kiasi cha kukaa nje muda mrefu, unaweza kupata nafuu kwenye kikomo. Lakini daktari alisema golikipa wetu atarudi mapema mno, kwa hiyo mlango huo ulifungwa. Nikajaribu kuwarudisha vijana wawili timu ya chini. Mishahara yao ni kiduchu, haikutosha hata robo. Nikachukua huyu, nikarudisha yule, nikachanganya tena. Kila nilipogeukia, mshahara wa mtu mmoja tu, ukiondoka, ulitosha kuziba pengo: wa beki mkongwe. Na timu ya Columbus walikuwa na nafasi, na walikuwa wanatafuta beki.

Nilikaa nikiitazama ile kompyuta kama adui. Halafu nikaenda kwa bosi, nikafunga mlango.

"Kabla sijakwambia," nilisema, "ujue mama mkwe wangu amempa mmoja wa wachezaji wako ng'ombe."

Alinikazia macho. Nikamweleza yote, mpaka habari za ndama. Kwa mila za nyumba niliyoolewa, nikamwambia, huyu ni shemeji yangu, na hesabu zimemwangukia yeye, kwa hiyo kama haniamini kwa jambo hili, ana haki, azipige upya mwenyewe. Bosi wangu si mtu mbaya. Alizipitia hesabu zangu mstari kwa mstari, akavua miwani, akajisugua macho. "Umezipiga vizuri," akasema. "Natamani ungekosea." Nami nilitamani vivyo hivyo, haki ya Mungu. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Mambo ya kazi kama hayo hayasemwi nyumbani mpaka yatangazwe. Beki aliambiwa mchana, na jioni ile ile alikuwa ndani ya ndege. Hivyo ndivyo wanavyofanya; mtu anakusanya vifaa vyake kwenye begi, anapeana mikono na waliopo, kwisha. Mama aliisikia habari kwenye televisheni, mume wangu akamtafsiria. Nilipofika nyumbani nilimkuta jikoni, amesimama, ameshika kikombe cha maziwa aliyokuwa amemwekea beki.

"Munamuuzisha?" akaniuliza.

"Mama, si kuuza. Ni kubadilishana."

"Ile njo kuuza." Akakiweka kikombe mezani. "Mutoto yangu. Mwenye ngombe yangu. Anaondoka hata maziwa hakunywa, hata mutu wa kumusindikiza hapana. Na wewe ulijua?"

Nilijua. Nikamwambia hivyo. Ningeweza kumficha, lakini yule mama amedanganywa na watu wengi wenye nguvu kuliko mimi, na sikutaka kuingia kwenye foleni yao.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliacha tu kusema nami. Alinipikia, alinifulia, alimlea mtoto wangu kwa upendo ule ule, lakini neno lolote la kwangu lilipitia kwa binti yangu aliyekuwa chekechea. "Ambia mama yako chumvi iko mwisho." Mtoto ananigeukia, ananieleza kwa Kiingereza, mimi nasimama hapo hapo kando ya jiko kama mfanyakazi wa ubalozi. Mume wangu alijaribu kutupatanisha akaambulia kutazamwa na sisi wawili. Bosi wangu alipata golikipa wake na tukawa tunashinda, na ushindi wenyewe sikuuonja. Nilimkosa. Nilikosa hata kuambiwa Kiswahili changu ni cha redio.

Beki aliniandikia kwenye simu kutoka Columbus. Bibi amekasirika? Nikamjibu, sana, na mimi ndiye ninayepigwa. Akauliza anarudi lini Kentucky.

Theluji ilipoisha nilimrudisha Shively. Mume wangu hakupewa likizo, kwa hiyo tulikuwa mimi kwenye usukani, mama na mtoto nyuma. Ni safari ndefu, na Columbus iko katikati, tukalala kwa wifi yangu, mtaa wa Linden. "Ambia mama yako minasikia baridi." Nikaongeza joto. "Ambia mama yako imepita." Nikapunguza. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu Ohio nzima.

Siku ya pili wifi aliondoka mchana kwenda kazini, anatunza wazee, akatuachia sombe, yaani kisamvu, na ugali wa fufu jikoni. Sikumwambia mama kwamba nimealika mtu. Nilikuwa nakoroga sombe mlango ulipogongwa, na binti yangu akakimbia kufungua.

Beki alivua viatu kwanza. Mama alinyanyuka kwenye kochi, akakivuta kichwa cha beki chini kwa mikono miwili, akakishika pale. Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja, na binti yangu, mtafsiri wetu, akajikaza. Alimwambia beki kwamba bibi anasema amekonda. Mengine yalimshinda.

Walikaa. Beki alinywa maziwa yake mpaka chini, akatoa simu mfukoni, akamwonyesha mama picha, akaanza kumweleza mtoto kwa Kiingereza taratibu. Mtoto alisikiliza, akafungua mdomo, akaufunga. Alitafuta neno la Kiswahili hakuliona. Akanitazama mimi.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi, na nilikuwa nimesikia kila neno. Lakini nami ni mkaidi. Sikuitwa. Nikamtazama mama.

Mama alimtazama mtoto, akamtazama beki, akaitazama ile picha tena. Halafu akanigeukia.

"Mutoto yangu," akaniambia. "Anasema nini?"

Nilishusha mwiko.

"Anasema, Mama, huko kwao ni wakati wa ng'ombe kuzaa. Huyu ni ndama jike, amezaliwa juzi. Anasema baba yake hufuga ng'ombe wa nyama, na ndama wote hupelekwa mnadani. Lakini huyu wamemtenga, wamempiga alama sikioni. Ni wako. Ndiye ndama wa ng'ombe uliyempa." Nikamsogelea hatua moja. "Anasema huyu hatauzwa."

Mama aliileta simu karibu na macho. Ndama alikuwa mweusi, bado ana unyevu, amelala kwenye nyasi kavu na kipande cha plastiki cha manjano sikioni. Mama alipitisha kidole juu ya kile kichwa, pale ambapo pembe zingeanzia, akakirudisha, akakipitisha tena. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta.

"Haina mapembe," akasema.

"Hana, Mama."

"Bon. Si kosa yake." Akasogea kwenye kochi, akanivuta kwa mkono, mwiko na sombe na vyote, akanikalisha kati yake na beki. "Muulize mama yake iko na maziwa ya kumutosha."

Nikamuuliza. Alisema anayo, tele. Mama alikuwa na maswali mengine, na mkono wangu hakuuachia mpaka alipoyamaliza yote.